Shamba la kando ya mto na nyumba ya Warumi ambayo hatujaichimba

Kijiwe chenyewe nilikiokota asubuhi na mapema, mikono bado imekufa ganzi kwa baridi. Cheupe, cha mraba, ukubwa wa dadu, upande wa juu umelainika kabisa kwa kukanyagwa na upande wa chini bado umeng'ang'aniwa na chokaa. Nilikijua palepale maana picha nimeangalia nyingi, ni tesera, kale kajiwe kanakopangwa na wenzake maelfu kutengeneza sakafu ya mozaiki, na moyo ukanienda mbio nikakitia mfukoni mwa koti nikaendelea kutembea huku natabasamu peke yangu. Nilipokuja kushtuka kwamba nilitakiwa kukitia kwenye mfuko wa plastiki wenye namba nilikuwa nimeshavuka fimbo kadhaa za mianzi, na sikuwa na hakika tena kama nilikitoa mraba huu au ule au ule wa nyuma yake.

Mama anayetuongoza hakunigombeza. Alikipokea, akakifuta tope kwa kidole gumba, akakiangalia muda mrefu kweli, afu akasema kwa upole kwamba hii ni tesera nzuri sana, ila kwa sasa inaweza kutuambia kitu kimoja tu, kwamba kuna tesera kwenye hili shamba, na hilo tulishalijua.

Hayo maneno nimekaa nayo wiki nzima.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Shamba lenyewe liko kusini mwa Uingereza, linateremka polepole mpaka kwenye kona ya mto, juu kuna miti, chini kuna majani marefu ya ukingoni. Jina la mto sitaji na la kijiji sitaji, na ukisoma mpaka chini utaelewa kwanini. Mimi si mwanaakiolojia, ni mtu wa kujitolea tu, tuko kikundi cha wapenda historia tunaofundishwa na watu waliosomea. Mwenye shamba ametupa ruhusa baada ya kuvuna shayiri, akapitisha plau, mvua ikanyesha siku kadhaa ikaosha mabonge ya udongo, na hapo ndo wakati mzuri wa kazi hii kwa sababu kila kilicho juu kinakuwa kimeoshwa na kinaonekana rangi yake. Shamba linagawanywa miraba ya mita 20 kwa 20, kila kona fimbo, kila mraba mfuko, mnajipanga mstari mmoja mnatembea taratibu macho chini kama watu waliodondosha sindano. Unaokota kila kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu. Hata kama unaona ni takataka. Hasa kama unaona ni takataka.

Na kinachookotwa zaidi ni vigae vya paa. Warumi waliezeka kwa vigae vya udongo wa kuchoma, kuna kile bapa kikubwa chenye kingo mbili zilizosimama pembeni, kinaitwa tegula, na kuna kile cha mviringo kama mfereji uliogeuzwa, imbreksi, kinachofunika mahali ambapo tegula mbili zinakutana ili maji yasipenye. Ukishajifunza kukitambua kile kipande cha ukingo uliosimama hutakisahau maisha yako yote, kizito, chekundu kama tofali, pembe yake imekatwa kwa kisu wakati udongo bado mbichi. Siku ya kwanza nilidhani ukipata kigae cha Kirumi basi umepata nyumba ya Kirumi. Sivyo. Kigae kimoja kinaweza kuletwa shambani na mkokoteni wa samadi, maana wakulima wa zamani walitupa takataka za nyumbani kwenye lundo la mbolea na lundo likamwagwa mashambani. Vigae vingi sana mahali pamoja vinaweza kuwa tanuri lililokuwa linavichoma, wala si nyumba. Na Waingereza wa karne za baadaye walichimbua matofali ya Warumi wakajengea makanisa yao, mnara wa kanisa kuu la St Albans umejengwa kwa matofali yaliyotoka kwenye magofu ya Verulamium, mji wa Kirumi uliokuwa hapohapo chini ya kilima. Kwahiyo kigae peke yake ni shahidi ambaye huwezi kumwamini mpaka umuulize ulikuwa wapi na ulikuwa na nani.

Ndo maana ya ile mifuko yenye namba. Jioni tunakaa kwenye meza ndefu na mabeseni ya maji, tunasugua kwa miswaki ya zamani, tunatenganisha, tunahesabu, tunapima uzito, kila mraba peke yake, afu mmoja wetu anaingiza namba kwenye kompyuta na programu inapaka rangi, penye vichache rangi hafifu, penye vingi rangi nzito. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake ramani ilipotokea. Vigae vya paa vimetanda kama wingu refu sambamba na mto. Ndani ya wingu, miraba mitatu tu inayopakana ndo ina tesera. Kwenye ncha ya chini, karibu na maji, kumejaa vipande vya aina nyingine kabisa, vigae vyenye uwazi katikati kama bomba la pembe nne, nje vimechanwachanwa mistari kama kwa kitana ili plasta ishike, ndani vina masizi. Hivyo vilikuwa vinapangwa ndani ya ukuta kupitisha moshi na hewa ya moto iliyotoka chini ya sakafu. Na upande wa nyuma, mbali na mto, magamba ya chaza, magamba mengi, kwenye shamba ambalo bahari iko mbali nalo kweli.

Sasa hebu tulia uangalie. Paa liko wapi, unaliona. Chumba cha sakafu ya mozaiki kiko wapi, unakiona. Bafu la moto liko chini karibu na maji, jalala la jikoni liko nyuma. Hakuna mtu aliyeshika sepetu. Hakuna jiwe hata moja lililosimama juu ya jingine. Na nyumba imeanza kuonekana, kwa sababu tu kila kipande kimekumbuka kilipokuwa. Na kijiwe changu cheupe hakimo kwenye ile ramani. Inawezekana kilitoka kwenye ile miraba mitatu, inawezekana kilikuwa kimesimama peke yake mahali pengine kinatuonyesha chumba cha nne, sitajua kamwe.

Watu wengi wakisikia akiolojia wanafikiria kitu, sahani ya dhahabu, sanamu, sarafu. Mimi pia nilikuwa hivyo. Ila kuna nyumba moja inaitwa Lullingstone, iko Kent, kando ya mto Darent, ukitaka kuelewa hili jambo isome hiyo. Huko tangu karne ya 18 watu walikuwa wanachimba mashimo ya nguzo za uzio wakapita katikati ya mozaiki, wakaona, maisha yakaendelea. Uchimbaji wa kweli ukaja mwaka 1949. Udongo ulikuwa umeteremka kutoka mlimani kwa karne nyingi ukaifunika nyumba na kuilinda, na kwenye chumba kimoja kilichozama chini ya usawa wa ardhi walikuta maelfu ya vipande vya plasta yenye rangi, vimedondoka na kurundikana. Ungeweza kuvizoa kwa koleo. Wao wakavitoa kwa uangalifu kipande baada ya kipande, na kuviunganisha kukachukua miaka mingi, na kilichotokea ni picha ya watu wamesimama wamenyoosha mikono wakisali, na ile alama ya Wakristo wa mwanzo ya herufi mbili za mwanzo za jina la Kristo kwa Kigiriki. Yaani juu ya kile chumba kulikuwa na chumba cha ibada cha Wakristo, karne ya 4, moja ya ushahidi wa zamani kabisa wa Ukristo Uingereza. Na wamejuaje kwamba kilikuwa ghorofani? Kwa jinsi vile vipande vilivyodondoka. Leo picha ziko British Museum, ila kitu ninachokiheshimu zaidi ni ile subira ya kwenye shimo.

Turudi kwetu. Kipande ninachokipenda kuliko vyote tulivyopata si tesera. Ni kipande cha tegula chenye mistari mitatu iliyopinda kama upinde wa mvua, imechorwa kwa vidole udongo ukiwa mbichi. Inasemekana ni alama ya aliyekitengeneza, wengi wanafikiri ilikuwa njia ya kuhesabu kazi ya kila mfinyanzi. Niliweka vidole vyangu vitatu kwenye ile mifereji vikaenea, vya kwake vyembamba kidogo kuliko vyangu. Huyu hakukaa kwenye chumba cha mozaiki. Huenda hakuwahi hata kuingia. Sakafu nzuri na bafu vimedumu kwa sababu ni mawe na chokaa, ila waliolima, waliokamua, waliokuwa wanachochea moto wa bafu alfajiri, na wengine wao walikuwa watumwa, walilala kwenye mbao na nyasi na wameoza pamoja navyo. Naona ni haki tuseme hivyo kila mara tunapotamka neno villa, ambalo kwa Kilatini lilikuwa na maana ya nyumba ya shambani pamoja na kazi zake, si kasri la kupumzikia.

Tarehe sasa. Vyungu vinasaidia, kuna vile vyekundu vinavyong'aa vinaitwa samiani vilivyokuwa vinatengenezwa Gaul, yaani Ufaransa ya leo, vikaletwa kwa meli, na biashara yake ilikwisha kabisa karne ya 3, kwahiyo tukipata vipande vyake tunajua kuna watu walikuwa hapa mapema. Na kuna sarafu moja ya shaba nyembamba kama ukucha, upande mmoja kuna mbwa mwitu jike ananyonyesha watoto wawili mapacha, Romulus na Remus, juu yao nyota mbili. Hizo zilianza kufuliwa mwaka 330 wakati wa kaisari Constantine, na herufi za chini zinazoanza na TR zinasema ilitoka Trier, Ujerumani ya leo. Mwenzetu mmoja alitaka kuandika kwamba nyumba ni ya mwaka 330, mama akamrekebisha, sarafu inakuambia tu kwamba iliangushwa baada ya kufuliwa, inaweza kuwa mwaka uleule inaweza kuwa miaka 40 baadaye. Warumi walivamia Uingereza mwaka 43 chini ya kaisari Claudius na utawala wao ulikwisha karibu mwaka 410, kwahiyo hapo katikati kuna karne tatu na nusu za kuchezea, na sisi kwa vyungu na sarafu tumeona tu kwamba hapa palikuwa na watu muda mrefu.

Baada ya kuokota zikaja mashine, na hapa nilikuwa kama mtoto. Ya kwanza ni magnetomita, kifaa cha kupima usumaku wa ardhi. Udongo una chembechembe za chuma, ukiuchoma moto mkali afu ukapoa zile chembe zinajipanga na kubaki na usumaku wake, kwahiyo jiko, tanuri, rundo la vigae, vyote vinapiga kelele kwenye kipimo, na hata mtaro uliojaa udongo wa juu unaonekana. Anayebeba haruhusiwi kuwa na chuma mwilini, hakuna zipu, hakuna mkanda, hakuna simu, hakuna buti zenye chuma puani. Waya wa uzio tu ukiusogelea data imeharibika. Sio teknolojia ya jana hii, mwaka 1958 mwanasayansi Martin Aitken alitumia magnetomita karibu na Water Newton, bonde la mto Nene, akapata matanuri ya Kirumi ya kuchomea vyungu kabla barabara haijapita juu yake.

Ya pili inapima ukinzani wa umeme. Fremu yenye miguu miwili ya chuma, unachomeka ardhini, inapitisha umeme kidogo, inapiga mlio, unang'oa unasogea nusu mita unachomeka tena, siku nzima, mgongo unalia. Udongo wenye unyevu unapitisha umeme vizuri, ukuta wa mawe ni mkavu unaukataa. Mwanaakiolojia Richard Atkinson aliijaribu mwaka 1946 karibu na Dorchester-on-Thames, na wanaofundisha kazi hii wanahesabu kwamba hapo ndo ilipoanzia Uingereza. Mimi niliifanya siku mbili na nusu.

Usiku ule picha ilipotokea kwenye skrini nilikaa kimya. Ni picha ya kijivu, haina rangi, ukimuonyesha mtu asiyejua ataona doa. Ila kuna mstari mwembamba mweusi mnyoofu, na asili haichori mistari minyoofu, halafu wa pili sambamba, afu vikuta vifupi vinakatiza kati yao, vyumba kwenye safu kama mabehewa, mbele yake korido ndefu, na kila mwisho wa korido chumba kimoja kinachojitokeza mbele kama bawa. Wanaojua walitabasamu, ni umbo linalojulikana, villa nyingi za Uingereza zimejengwa hivyo. Ng'ambo ya ua kuna jengo jingine refu lenye safu mbili za vidoa, nguzo hizo, na humo pengine ndimo walimofanya kazi na kulala wale watu wa vidole vyembamba. Na ile miraba mitatu ya tesera ikaangukia katikati ya safu ya vyumba, sawasawa kabisa.

Upande wa mto mashine zilinyamaza. Hapo nilisikitika mpaka nilipoelezwa. Mto unafurika, ukifurika unaacha tope laini, miaka 1,600 na zaidi ya tope juu ya tope, na magnetomita haifiki mbali chini, kwahiyo ukimya wa kwenye bonde hauna maana ya kwamba hakuna kitu. Una maana kwamba kipo chini sana au hakipo, na hujui ni lipi.

Kwanini walijenga kando ya mto wakati mto unafurika? Cato, Mrumi aliyeandika ushauri kwa wenye mashamba zaidi ya miaka 150 kabla ya Kristo, anasema tafuta shamba lililo karibu na mji imara au bahari au mto wenye kupitika na vyombo au barabara nzuri yenye watu. Nafaka ni nzito, ng'ombe anayevuta mkokoteni anakula, mto haukuombi chakula. Halafu kuna maji ya bafu, kuna majani ya mifugo kwenye bonde hata kiangazi. Varro, naye Mrumi aliyeandika mambo ya mashamba, anaonya kuhusu vinamasi, anasema kuna viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho vinavyoingia mwilini kwa mdomo na pua na kuleta magonjwa, na huyu aliandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, nimesoma hiyo sentensi mara tatu. Columella, mwandishi mwingine wa Kirumi wa mambo ya mashamba, mzaliwa wa Hispania, anasema kama kuna mto basi nyumba iupe mgongo, isiutazame, kwa sababu ya ukungu. Nyumba yetu inautazama. Korido yake yote imeelekea majini na kusini-mashariki, na mimi nikisimama pale asubuhi naelewa, mwanga wa jua la majira ya baridi unatokea upande huo na kwa nchi hii jua lina thamani kuliko ushauri wa mtu aliyezaliwa Hispania.

Ukitazama kutoka angani ni hadithi nyingine tena. Kiangazi kikiwa kikali shayiri iliyoota juu ya ukuta inakosa udongo wa kutosha, mizizi inagonga mawe, inakauka mapema inageuka njano, na ile iliyo juu ya mtaro wa zamani inabaki ya kijani na ndefu kwa sababu chini kuna unyevu. Kwa wiki chache shamba linachora ramani ya nyumba kwa mimea. Kiangazi cha 2018 kilikuwa hivyo, marubani wa akiolojia walikuwa hawalali. Kaskazini mwa Ufaransa, bonde la Somme, mwanaakiolojia Roger Agache alifanya tofauti, yeye aliruka majira ya baridi mashamba yakiwa matupu, maana plau la kina lilikuwa linang'oa misingi ya chaki na kuileta juu, na nyumba nzima zikaonekana nyeupe kwenye udongo wa kahawia, akakusanya villa kwa mamia. Na mwaka 2005 kuna Muitaliano mtaalamu wa programu za kompyuta alikuwa anaangalia tu eneo lake karibu na Sorbolo, mkoa wa Parma, kwenye Google Earth, akaona kivuli cha mviringo cha zaidi ya mita 500, kumbe ni kona ya mto uliokufa zamani, na kando yake vivuli vya pembe nne. Akawaandikia watu wa makumbusho ya Parma. Ilikuwa villa ya Kirumi. Kile alichofanya baada ya kuona ndo nakipenda, aliwaambia wanaohusika, hakwenda mwenyewe na sepetu.

Sasa kila ninayemsimulia ananiuliza swali lilelile, mtachimba lini? Na nikijibu kwamba labda hatutachimba, nyuso zinaanguka. Naelewa. Kuchimba ndo kumetupa Fishbourne, kasri la Kirumi huko Sussex, mwaka 1960 mtaro wa bomba la maji ulipita juu yake na leo watu wanatembea juu ya mozaiki za kasri lile. Ila kuchimba ni kama kusoma barua huku unaichoma, ukishatoa tabaka huwezi kulirudisha. Angalia Chedworth, huko Gloucestershire. Iligunduliwa 1864, wachimbaji wa enzi ile walifukua mbio wakitafuta kuta na sakafu, na kwa muda mrefu kila mtu alijua mozaiki zake ni za karne ya 4. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba mkaa na mfupa kutoka kwenye mtaro wa msingi wa ukuta mmoja umepimwa kwa kaboni, na ule ukuta umejengwa baada ya mwaka 424, na mozaiki ya chumba kile imewekwa baada ya ukuta. Baada ya 424! Wakati ambao vitabu vilisema hakuna tena aliyekuwa na uwezo wa kuagiza sakafu. Jibu lilikuwa limekaa kwenye udongo kidogo ambao wale wa 1864 hawakuufikia. Wangekuwa na bidii zaidi lisingekuwepo.

Ile mozaiki ya Rutland pia, iliyoonekana 2020 baada ya mtoto wa mwenye shamba kuokota vipande vya ajabu katikati ya mazao na kwenda kuangalia picha za setilaiti, karibu mita 11 kwa 7, Achilles na Hector, mashujaa wa hadithi ya vita vya Troy, wanapigana, walifukua wakaiandika wakaipiga picha kila sentimita, afu wakairudishia udongo wake. Nadhani walifanya vema. Plau halipiti tena juu yake.

Na hapa ndo sababu ya kutotaja jina la mto. Kuna watu wanakuja usiku na ditekta za chuma. Kwenye eneo lililosajiliwa kama urithi ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1979, na kuchukua kitu kwenye shamba la mtu bila ruhusa ni wizi, ila wanakuja. Wanachimba vishimo, wanachukua sarafu, wanaacha chokaa na vigae vimetapakaa. Mwezi uliopita tulikuta vishimo vitano, viwili viko ndani ya korido. Sitaki hata kuwaza walichotoa. Ile sarafu yetu ya mbwa mwitu ina thamani ndogo sana sokoni, zilifuliwa nyingi mno, ila ikiwa na namba ya mraba inazungumza, na kwenye mfuko wa mwizi ni shaba tu. Kama kile kijiwe kwenye koti langu, tofauti ni kwamba mimi nilikirudisha.

Kiko kwenye boksi la mwisho sasa, kwenye kamfuko kake, na mahali pa namba ya mraba mama ameandika kwa mkono wake kwamba mahali hapajulikani. Vitu vyote ni mali ya mwenye shamba kwa sheria za huku, ameshasema vikimaliza kuandikwa vitaenda makumbusho ya wilaya, na hicho nacho kitaenda hivyohivyo.

Jumamosi tulishuka mpaka ukingoni kabisa kwa sababu mvua za wiki mbili zimekata kipande cha ukingo. Maji yalikuwa ya kahawia na yana kasi. Kwenye udongo uliokatwa, chini sana kuliko nilivyotegemea, urefu wa mtu kutoka juu, kuna mstari wa chokaa nyeupe unene wa kiganja, umelala juu ya mawe ya gumegume yaliyopangwa, unaingia ndani ya ukingo kuelekea shambani. Tope la mafuriko juu yake halina hata kigae. Mama alipiga magoti kwenye majani, akapima kwa tepu, akaniambia niandike, na mimi nikaandika kwanza namba ya mahali, afu kina, afu ndo nikachora. Tumepiga picha na tumewaandikia wanaohusika na urithi wa wilaya, maana mto ukikata tena kama ulivyokata wiki hii hicho kipande kitaanguka majini. Jumamosi ijayo tunarudi na turubai na magunia ya mchanga.